Shajara ya Bikizee: jetiski ya 1996 na injini yenye njaa

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Kaja leo juu ya mkokoteni, kutoka Casuarina hadi uani kwetu Shella, hapa Malindi, vijana watatu wakisukuma, mimi nyuma nimeshika mkia, na watoto wa mtaa wakituandama kana kwamba tunaleta bibi harusi. Mama watoto katoka mlangoni, kamtazama juu hadi chini, akauliza, "Na huyu anakula nini?" Nikamwambia petroli. Akarudi ndani bila neno la pili.

Ni jetiski ya Kijapani ya mwaka 1996, ya kukaa watu wawili, injini ya tustroku (inayochoma oili pamoja na petroli) yenye silinda mbili, cc 701, kabureta mbili za kuchanganya petroli na hewa. (Jina la Jet Ski ni la Kawasaki tangu 1973 na hii yetu si ya kwao, lakini pwani hii kila pikipiki ya majini ni jetiski, kama kila dawa ya meno ilivyo Colgate.) Ilikuwa ya Mtaliano mwenye nyumba ya likizo. Karudi kwao, nyumba imeuzwa, na mwangalizi kaachiwa vikorokoro avitafutie wateja. Tumeafikiana elfu themanini na tano. Nilipouliza lini iliingia majini mara ya mwisho, akasema kama miaka minne hivi, mitano. Mimi nimehesabu saba. Nikauliza ubovu wake.

"Inawaka mara moja, kaka. Shida yake ni majini tu."

Nimecheka njia nzima. Jiko zima kabisa, shida yake ni moto tu.

Mpwa wangu kampa jina Bikizee kabla hatujamshusha. Tumefungua kiti: ndoo mbili za maji ya mvua, sindano za mvinje, na kiota cha panya kilichosukwa kwa nyuzi za boya la Mtaliano. Nimetoa plagi zote mbili, nikamimina kijiko cha oili kila silinda, nikaacha hadi alasiri. Halafu nimeshika ekseli kwa mkono na kuizungusha. Imekubali, nzito kidogo, bila mkwaruzo. Injini ingekuwa imeganda, mwangalizi angenisikia usiku huohuo.

Kitu kimoja sijakipenda. Pale pampu ya oili ilipokuwa pamebandikwa kibati cha alumini. Yaani mtu aliitoa, na tangu siku hiyo oili lazima ichanganywe kwenye petroli kwa mkono, mililita 20 kwa kila lita. Je, kila mgeni aliyekuja kupumzika pale alijua? Mwangalizi hajui. Mimi nina wasiwasi wangu.

Jumapili, 4 Agosti

Tumefyonza petroli ya zamani, lita kumi na moja, rangi ya chai ya rangi na harufu ya vanishi. Mpwa alitaka awashie makaa. Nimemkatalia, nyusi zake bado nazipenda.

Betri yake imekufa zamani, na ya pikipiki inazungusha stata kwa kuguna tu, kwa hiyo nimeazima ya boti yangu. Cheche zipo kwenye plagi zote mbili, za buluu. Basi tukamwasha kwa mpira wa maji ya mfereji.

Hapa nieleze, maana nimeona mtu kaua injini nzima kwa jambo hili. Hawa hupozwa na maji yanayosukumwa na pampu ya jeti yenyewe, na nchi kavu hakuna pa kuyatoa. Kwa hiyo unaunga mpira, lakini injini inawaka kwanza ndipo unafungua mfereji. Ukimaliza, unafunga mfereji kwanza, unamwacha sekunde chache ateme yaliyobaki, ndipo unazima. Ukigeuza, maji yanapita kwenye ekzosi kurudi nyuma hadi yanaingia silinda, na pistoni haina uwezo wa kubana maji. Mpwa nimemweka kwenye mfereji, mimi kwenye kitufe, na tukakubaliana maneno: "fungua", "funga". Hakuna "sawa", hakuna "ngoja".

Kawaka mara ya tatu. Moshi umejaa uani, kuku wa jirani wametawanyika, na kile kitundu cha ubavuni kimetoa mchirizi wa maji kama mtoto anayekojoa ukutani. Sauti imetulia. Nimezima baada ya dakika mbili, nikaona mama watoto amesimama dirishani anatabasamu. Nimeiandika hiyo.

Jumanne, 6 Agosti

Bamvua. Saa kumi na mbili asubuhi maji yamejaa hadi juu, kusi haijaamka vizuri. Tumemshusha karibu na jeti, yaani gati. Kwanza hakuwaka kabisa. Dakika kumi za kubishana juu ya betri, hadi mpwa alipokumbuka kwamba ile kamba nyekundu ya usalama, inayochomekwa kwenye swichi na kufungwa mkononi, iko juu ya friji nyumbani.

Kamba ilipokuja, Bikizee akawaka na kwenda taratibu, mzuri kabisa. Nikabonyeza mafuta nusu. Akavuta pumzi, akaguna "bwoooo", akainamisha pua, akafa. Nikaachia, nikawasha, akawaka. Nikabonyeza, akafa. Nimerudi kwa kuvutwa na mashua ya mvuvi, na kuvutwa na mashua yenye tanga mbele ya watu wa jeti ni adhabu inayojitosheleza.

Ufukweni kila mtu ni fundi. Mmoja kasema plagi. Mwingine koili, inayozipa plagi umeme. Wa tatu, anayeuza madafu, kasema maji kwenye petroli. Nimewasikiliza wote, na hilo ndilo kosa langu la Agosti.

Jumamosi, 10 Agosti

Plagi mpya, jozi, zimewekwa nafasi ya milimita 0.7. Hali ileile.

Jumamosi, 17 Agosti

Koili, ya mkononi, kutoka Mombasa kwa basi. 7,500. Hali ileile. Mama watoto kauliza bei, nikasema "siyo ghali sana". Kaomba risiti.

Jumamosi, 24 Agosti

Leo nimeshuka kwenye kabureta, kazi niliyoikwepa wiki tatu kwa sababu ziko chini ya kisahani cha kuzuia moto, na boliti mbili za nyuma unazifikia kwa kidole cha kati peke yake. Nimevua saa, nimevua pete, bado nimetoka na damu.

Kabureta hizi hazina bakuli la kutunzia petroli kama za pikipiki. Mahali pake pana viwambo vyembamba: kimoja ni cha pampu, kinapigwa na pumzi ya kasha la krenki, chumba kilicho chini ya pistoni, kupitia kimpira kidogo na kusukuma petroli, kingine kinafungua sindano injini inapofyonza. Kiwambo kikikauka, kila kitu kinachelewa. Vya Bikizee vilikuwa vigumu kama papa mkavu. Nimekikunja kimoja, kikalia.

Halafu nimefungua kifuniko cha pembeni, na ndani yake kuna kichujio cha wavu mdogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Cha kabureta ya mbele kilikuwa na uchafu. Cha nyuma hakikuonekana kabisa. Palikuwa na utelezi wa kijani, mzito kama mlenda uliolala, na nilipougusa kwa kijiti ndipo wavu ukachungulia chini yake. Utelezi huo unatoka kwenye mipira ya kijivu ya mafuta: zile za miaka ya tisini huoza kwa ndani na kujiyeyusha humohumo, huku nje zikionekana nzima. Nimeikata yote, mita mbili na nusu, na kuweka mipira myeusi ya mashine za boti.

Kwa hiyo silinda ya nyuma imekuwa ikilala na njaa. Kwa muda gani, Mungu ndiye ajuaye. Viwambo na sindano mpya nimeagiza Nairobi, seti mbili, 9,000.

Jumamosi, 7 Septemba

Seti imefika Alhamisi, jana usiku nimefunga, leo majini. Afadhali kubwa! Amenyanyua pua, amekimbia, nimepita jeti, nimefika usawa wa Nguzo ya Vasco da Gama, nikapiga kelele peke yangu. Dakika kumi hivi. Halafu nguvu zikaanza kupungua kidogo kidogo, kama mtu anayesinzia, akazima. Nimekaa juu yake robo saa nikiyumba na mawimbi. Nikajaribu, akawaka, akanirudisha kwa mwendo wa kobe.

Nimefikiria moto umezidi, lakini mchirizi wa maji ulikuwa unatoka vizuri wakati wote. Nimefikiria tanki halipumui, nikalegeza kifuniko. Hakuna tofauti. Nyumbani nimetoa plagi. Ya mbele, kahawia. Ya nyuma, nyeupe kama mfupa uliooshwa na bahari. Plagi nyeupe maana yake hewa nyingi, petroli kidogo, joto la kupindukia.

Nimechoka. Kesho nakwenda kwa ami.

Jumamosi, 14 Septemba

Ami si ami wangu wa damu. Ni mzee aliyewafundisha injini nusu ya manahodha wa hapa, na husema aliitazama kwa macho yake roketi ya mwisho ya Waitaliano ikipaa Ngomeni mwaka 1988, akamwambia mwenziye kwamba ile ndiyo mashine pekee asiyoitamani kuifungua. Kaja na mkoba wa ngozi na ndara zake, kaketi kwenye kigoda, kaomba kahawa. Hakugusa kitu.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Umebadilisha nini?"

Nikamtajia. Alipofika kwenye koili akanizuia kwa mkono.

"Koili hapa ngapi?"

"Moja, ami."

"Plagi ngapi?"

"Mbili."

"Zinapiga pamoja. Koili ikifa zinakufa pamoja. Hii yako ya nyuma tu ndiyo nyeupe. Sasa koili umeinunulia nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Akatoa mkobani geji ya kompresheni, ya kupima silinda inavyobana hewa, akaifunga mahali pa plagi, akaniambia nifungue mafuta yote na kuzungusha stata hadi mshale usimame. Mbele: psi 130. Nyuma: 95. Tukarudia. 130, 95. Kwenye injini nzima silinda hizi mbili hazitakiwi kupishana zaidi ya kumi kwa mia.

Akachukua tochi, akachungulia kupitia mlango wa ekzosi, akanipisha. Ubavu wa pistoni ya nyuma una mikwaruzo ya kusimama, ming'aavu, kama mtu kapitisha uma kwenye siagi. "Ikipata moto inanenepa, inajikwaruza, inakosa pumzi. Ikipoa inakonda, inawaka. Ndiyo maana unalala baharini robo saa."

Nikasema basi naagiza pistoni. Ami akamaliza kahawa yake kwanza. "Na hiyo mpya utailisha nini? Njaa iko palepale."

Jumapili, 15 Septemba

Siku bora kuliko zote za mradi huu, na hatukuwasha injini hata mara moja.

Njaa ya namna hii ina milango miwili: ama injini inafyonza hewa ya wizi, kwenye sili za krenki au gasketi, ama petroli haifiki. Ami kasema tuanze na hewa, kwa sababu sili za krenki zikiwa mbovu ndiyo safari ya kupasua injini nzima, na hapo heshima ni kumrudishia Mtaliano.

Unaziba mlango wa kabureta, unaziba ekzosi, unajaza hewa ndani, unaangalia kama inabaki. Tumekata vibati viwili vya chuma, na chini ya kila kimoja tumeweka soli ya ndara za zamani za mpwa (kalalamika, zilikuwa za bluu). Hewa tumeipitisha kwenye chuchu ile inayopiga viwambo vya pampu. Tatizo likawa geji. Kinachotakiwa ni psi sita, saba hivi, na ile ya magurudumu ya gari mshale wake hata hauamki hapo.

Shemeji yangu ni nesi. Ana mashine yake ya zamani ya kupimia presha, yenye saa na balbu ya mpira. Saa ile inaishia 300, na 300 za presha ya damu ni karibu psi 5.8. Ami alipoambiwa hesabu hiyo alicheka hadi akakohoa. Shemeji kaileta mwenyewe, kakaa kuhakikisha hatuipaki grisi.

Nimebonyeza balbu hadi kidole gumba kikafa ganzi. 100. 180. 240. 300. Tukakaa kimya uani, watu wanne na jirani juu ya ukuta, tukiitazama saa ya presha iliyofungwa kwenye jetiski. Mpwa anapaka maji ya sabuni kwa brashi ya kunyolea kila penye maungio. Dakika moja: 296. Dakika tano: 280. Hakuna povu popote. Shemeji akasema mgonjwa ana presha ya kutisha lakini atapona.

Krenki salama. Alhamdulillahi. Basi mlango ni wa petroli.

Ami akaomba mpira wa levo, ule mweupe wa waashi unaoonyesha maji ndani. Jirani wa ukutani ni mwashi, akashuka nao. (Ni wa kujaribia tu, petroli huukausha ukawa kama kioo.) Tukaunga kipande cha futi mbili kati ya koki ya mafuta na kabureta. Ikabidi tumwashe kidogo kwa maji ya mfereji, kwa hiyo nilivyosema hapo juu si kweli sana, tuliwasha, lakini dakika moja tu. Petroli ikapanda ndani ya mpira, ya kijani kidogo kwa ile oili. Na ndani yake, mapovu. Madogo, yakifuatana, kama samaki anapumua chini. Nilipoongeza mafuta kidogo yakawa mengi, yakaungana, nikaona kipande kizima cha mpira hakina petroli.

Ami akaivua koki, akaunga mpira moja kwa moja kutoka tankini. Mapovu yakaisha. Petroli imejaa, imetulia.

Koki hii ndiyo ile ya kuchagua tanki, akiba, na kufunga. Iko juu ya petroli, si chini yake, kwa hiyo pampu inafyonza kupitia kwayo. Ikiwa na mwanya haivuji nje, hakuna harufu, hakuna tone. Inaingiza hewa tu. Taratibu injini inahitaji kidogo, inavumilia. Ukibonyeza, mfyonzo unaongezeka na hewa nayo inaongezeka. Ndani yake kuna oringi mbili, vile vipete vya mpira. Moja ilikuwa bapa na imepasuka. Nyingine ilivunjika mkononi kama bisi.

Shilingi themanini, zote mbili.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimenunua oringi duka la mabomba, saizi ileile. Nimezilowesha kwenye kikopo cha petroli usiku, ami alivyoagiza. Asubuhi zimevimba, hazirudi tena kwenye mfereo wake. Hizo ni za bomba la maji, haziiwezi petroli. Nimekwenda kwa mwenye spea za mashine za boti nikapata za nitraili, nazo nimezilowesha. Hazikubadilika.

Jumamosi, 28 Septemba

Ami yuko Lamu kwa Maulidi. Silinda ziko Mombasa zinangoja kuchongwa, zote mbili, pistoni za kuongezwa robo milimita zimeagizwa. Nimetakiwa kusubiri pistoni zifike ndipo wachonge kwa kuzipima zenyewe, na karakana inayofanya hivyo haipigi simu. Mimi ndiye ninayepiga. "Kesho" tatu mpaka sasa.

Tumefanya hesabu na mama watoto. Sitaiandika.

Jumamosi, 19 Oktoba

Silinda zimerudi, zimechongwa vizuri, unaona mistari ya msalaba ndani yake kama wavu wa uduvi. Nimeziosha kwa maji moto na sabuni ya kufulia, si petroli peke yake; unga wa msasa hujificha kwenye mistari hiyo, na kitambaa cheupe ndicho hakimu. Cha kwanza kimetoka kijivu, cha pili kijivu kidogo, cha tano cheupe.

Kila pistoni ina mshale juu yake, unatazama upande wa ekzosi. Ringi zina mwanya unaokaa kwenye kipini kidogo, ukikosea kipini unavunja ringi unaposhusha silinda. Hayo yote yalikwenda salama. Kilichotutesa ni kile kiwaya cha kufungia pini ya pistoni. Nilikuwa nacho kwenye koleo, kikaruka. "Ting." Kimya.

Chini ya pistoni kuna kasha la krenki, na kiwaya kikiingia mle, injini inafunguliwa yote. Nilikuwa nimeagiza mpwa azibe kwa kitambaa, na nilimwona amekiziba, lakini moyo haukubali. Tumetafuta saa nzima. Tumefagia ua. Tumepitisha sumaku ya spika kwenye mchanga tukaokota misumari ya mwaka gani sijui. Nilipokata tamaa na kusimama nijinyooshe, kikaanguka kutoka kwenye pindo la kikoi changu.

Ami, aliyekuwa amerudi na hamu ya kuzungumza habari za Lamu, hakusema kitu. Alikunywa kahawa tu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Presha tena kabla ya kuwasha, kwa saa ya shemeji: 300, dakika tano 292. Petroli ya kuanzia nimeizidishia oili, mililita 40 kwa lita. Kawaka. Dakika tatu, tukazima, tukaacha apoe kabisa mpaka mkono unakaa kichwani. Mara tatu hivyo. Kisha nimekaza tena boliti za kichwa kwa spana ya kipimo. Kompresheni: 145, 142.

Jumamosi, 2 Novemba

Bamvua tena, maji yamejaa saa kumi na nusu jioni. Ni tangambili, kusi imechoka na kaskazi haijapata nguvu, bahari kama sinia. Siku si nyingi maji ya Sabaki yatageuka kahawia na kaskazi itayasukuma huku kwetu, kwa hiyo leo ndiyo leo.

Nimeanza taratibu dakika kumi, nikibadilisha mwendo, sikumshikilia mahali pamoja. Dakika ya kumi, ile ya kusinzia, nimejikuta nimekaza meno. Ikapita. Ya kumi na tano. Nikabonyeza robo tatu. Akanyanyuka, upepo ukanivua kofia, sikurudi kuiokota. Dakika ishirini na tano kamili kwa saa ya mkononi, nikazima makusudi katikati ya maji na kutoa plagi palepale, kwa sababu ukirudi taratibu rangi inabadilika. Ya mbele, kahawia ya tende. Ya nyuma, kahawia ya tende.

Ufukweni yule wa madafu kaniambia, "Si nilikwambia ni petroli?" Nimemnunulia dafu lake mwenyewe.

Kumbebea mgeni bado sana. KMA, wale wasimamizi wa vyombo vya baharini, hawajaikagua, maboya ni mawili tu na moja ndilo lililofanya kiota. Lakini ami akasema anataka kuonja. Kafunga kikoi vizuri, kavaa boya, kaifunga kamba nyekundu mkononi bila kuambiwa, kaenda. Tumemwangalia hadi akawa nukta. Mpwa kauliza, "Mjomba, na asiporudi?" Karudi, kalowa hadi ndevu, kazima mbali na kumwachia atambae hadi kina cha kiuno asivute mchanga.

"Injini nzuri," kasema. "Lakini inalia kuliko inavyokwenda. Sikiliza ukibonyeza ghafla. Inateleza."

Jumapili, 3 Novemba

Nimemlaza ubavu juu ya mifuko ya mchanga, nimefungua wavu wa chini, nimechungulia impela, ile feni ya pampu, kwa tochi. Ncha za mabawa zimelika, na ukuta unaolizunguka una mfereo ambao ukucha wangu unazama. Miaka yote ile Mtaliano alikuwa anapandia ufukweni, anafyonza mchanga wa Sabaki.

Kipimo cha nafasi sina. Nimetumia bapa la msumeno wa chuma, unene wake kama milimita 0.6, na hapo hata hilo moja lilitakiwa kukataa. Limeingia. Nimeweka mawili pamoja, yameingia.

Kesho natoa pampu.